Wali Mwekundu wa Meksiko: Uupike Uchambuke, Uuweke Pembeni

Kwetu mtu akisema amekula wali, amesema yote. Kilichokuwa juu yake, mchuzi wa samaki au maharage ya nazi, kitaulizwa baadaye. Meksiko mambo ni kinyume. Huko mlo unabebwa na mahindi: tortilla, vile vichapati vyembamba vya mahindi, ndizo zinazoshibisha. Wali hukaa pembeni ya sahani, vijiko vitatu vinne tu, kando ya maharage.

Lishike hilo kabla hujawasha jiko, maana litakuepusha na kosa nililolifanya mimi mara ya kwanza. Nilisikia "wali wenye nyanya na kitunguu", mkono ukaenda wenyewe kwenye kopo la viungo. Nikatia iliki, karafuu na mdalasini. Kilichotoka kilikuwa pilau ya nyanya. Ililiwa ikaisha, sina la kuilaumu, lakini pembeni ya kuku wa kuchoma ilikuwa inapigana naye. Wali wa Meksiko ni mpole kwa makusudi. Kazi yake ni kupokea mchuzi wa mwenzake, kutuliza pilipili na kujaza nafasi kati ya tonge moja na jingine.

Wenyewe huuita arroz rojo (tamka "aros roho"), yaani wali mwekundu, au arroz a la mexicana. Vitu vyake vyote vipo sokoni kwako. Kinachohitaji kujifunza ni mkono.

UJUE KWANZA UNAPIKA NINI

Mchele si mmea wa asili wa Meksiko. Uliletwa na Wahispania katika karne ya 16, nao walikuwa wameurithi kwa Waislamu walioitawala sehemu kubwa ya nchi yao kwa karne nyingi. Ndiyo maana jina arroz lina asili ya Kiarabu. Kisha kuanzia mwaka 1565 hadi 1815 merikebu za Hispania zilikwenda na kurudi kati ya Manila na bandari ya Acapulco, zikaiunganisha Meksiko na Asia ya walaji wali. Nyanya na pilipili, hizo ndizo za kwao. Ziliota na kuliwa Meksiko karne nyingi kabla hazijavuka bahari kuja kwenye kachumbari yetu.

Kwa hiyo sufuria hii ni kama ndugu wa mbali. Mchele unakaangwa kwanza kwenye mafuta, ndipo unatiwa supu: njia ambayo mpishi yeyote wa pilau ataitambua. Tofauti iko kwenye viungo, na kwenye rangi.

Katika migahawa midogo ya mchana, ile waiitayo fonda, chakula cha bei moja huletwa kwa zamu. Inatangulia supu ya majimaji. Inafuata sopa seca, "supu kavu", ambayo mara nyingi ni wali huu. Ndipo inakuja nyama au mboga yenye mchuzi. Jina hilo la supu kavu lilinichekesha mpaka nilipoupika wali wenyewe nikaona lina maana: ni supu ya kuku na nyanya ambayo mchele umeinywa yote, haikubaki hata tone. Hatua zote utakazozisoma hapa chini zina shabaha hiyo moja, mchele unywe supu nyingi bila kupasuka.

KWA NINI KILA HATUA IPO

Punje ya mchele imefunikwa na vumbi la wanga. Vumbi hilo likichemka kwenye maji hugeuka gundi, na gundi ndiyo mama wa bokoboko. Kuroweka na kuosha kunaliondoa.

Baada ya kuosha, mchele lazima ukauke. Hapa ndipo wengi tunapoharakisha. Mchele wenye maji ukiingia kwenye mafuta haukaangiki, unachemka. Mafuta yanapoa, punje zinashikana, na utazungusha mwiko robo saa bila kuona rangi ya dhahabu. Zaidi ya hapo, maji na mafuta ya moto vikikutana hurukia mikono na uso.

Kukaanga kunafanya mambo mawili. Ngozi ya punje inakazika kidogo, kwa hiyo itakapokunywa supu itavimba bila kufumuka. Na mchele unapata ladha ya kitu kilichookwa, kama njugu za kukaanga, ladha ambayo haipatikani kwa njia nyingine yoyote.

Nyanya nayo inakaangwa, haichemshwi tu. Rangi nyekundu ya nyanya huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Ukiikaanga, mafuta yanageuka mekundu na kuipaka kila punje. Ukiimwaga pamoja na supu mara moja, utapata wali wa rangi ya waridi wenye ladha ya nyanya mbichi.

Halafu kuna kutokoroga. Kila ukipitisha mwiko kwenye wali unaoiva, unavunja punje na kutoa wanga mpya. Uache.

MAHITAJI (watu 6 hadi 8, kama chakula cha pembeni)

• Mchele vikombe 2 (kikombe cha mililita 250, takriban gramu 400)
• Nyanya 2 kubwa au 3 za wastani, zilizoiva sana
• Kitunguu maji, robo ya kikubwa
• Kitunguu saumu, punje 2
• Mafuta ya kupikia, theluthi moja ya kikombe
• Supu ya kuku ya moto, vikombe 3 (vikombe 2 na nusu ukitumia basmati)
• Chumvi, kijiko 1 cha chai ikiwa supu haina chumvi
• Karoti 1 iliyokatwa vipande vidogo, na njegere nusu kikombe
• Pilipili mbichi za kijani 2, nzima, zisizopasuliwa
• Kotmiri (giligilani, dania), tawi moja

Vyombo: sufuria pana yenye kitako kizito na mfuniko unaobana, chujio, blenda au kinu, mwiko, uma.

Kuhusu mchele. Huko kwao unaosifiwa ni wa jimbo la Morelos, kusini mwa Jiji la Meksiko. Tangu mwaka 2012 jina lake linalindwa kisheria, mchele wa kwingine hauruhusiwi kulitumia. Punje zake ni nene na zinakunywa supu nyingi. Wewe tafuta mchele mweupe wa kawaida, punje ndefu kiasi, usio na harufu kali. Mchele wa Kyela, pishori wa Mwea na basmati ni michele ya heshima, lakini manukato yake yatashindana na nyanya. Mimi Kyela naiwekea wali wa nazi. Ukiwa na basmati tu nyumbani, pika, hautaharibika. Usichonunua kwa kazi hii ni mchele wenye chenga nyingi: chenga huiva kabla ya punje nzima, zikageuka uji unaogandisha wenzake. Na muulize muuzaji kama mchele ni wa msimu huu. Mchele mpya bado una unyevu wake, kwa hiyo upunguzie supu robo kikombe.

Kuhusu nyanya. Zile laini ambazo muuza genge anakupunguzia bei jioni ndizo hasa. Nyanya ngumu yenye mabega ya kijani itakupa uchachu bila rangi. Ikiwa ndizo pekee zilizopo, ongeza kijiko kimoja cha chakula cha nyanya ya kopo.

Kuhusu mafuta. Mapishi mengi ya zamani ya huko yalitumia mafuta ya nguruwe. Mafuta ya alizeti au mengine yasiyo na harufu yanafaa kabisa, na leo ndiyo yanayotumika katika nyumba nyingi hata kwao. Mafuta ya nazi usiyalete hapa.

Kuhusu supu. Chemsha shingo, mabawa na mifupa ya kuku kwa kitunguu na chumvi kidogo, muda wa saa moja. Ukitumia vidonge vya supu, futa kabisa ile chumvi ya kwenye mahitaji, kisha onja. Asiyekula nyama atumie maji yaliyochemshiwa karoti, kitunguu na mashina ya kotmiri.

HATUA

1. Roweka. Weka mchele kwenye bakuli, mwagia maji ya moto kiasi cha mkono kuvumilia, acha dakika 15.

2. Osha. Mwaga maji hayo, suuza kwa maji baridi mara tatu au nne mpaka maji yatoke karibu meupe safi. Sugua kwa vidole taratibu, usiuponde.

3. Kausha. Mimina kwenye chujio, tikisa, acha nusu saa. Tikisa tena katikati. Kama una haraka, utandaze juu ya kitambaa safi. Punje zikishikwa mkononi ziachiane.

4. Saga. Nyanya, kitunguu na saumu vyote kwenye blenda, bila maji. Utapata takriban kikombe kimoja. Ikizidi, iliyozidi iweke kwa mchuzi wa kesho. Ukitumia kinu, anza na saumu na kitunguu, nyanya zifuate.

5. Pasha supu. Iwe ya moto kabisa kwenye sufuria nyingine. Supu baridi ikiingia kwenye mchele wa moto hukatiza kila kitu na kuurefusha muda wa kuiva.

6. Kaanga mchele. Pasha mafuta kwa moto wa wastani. Dondosha punje moja: ikitoa mapovu mara moja, mafuta yako tayari. Tia mchele wote, geuza polepole bila kuacha. Mwanzoni utaona punje zinakuwa nyeupe kama chaki. Kisha zitaanza kuingia rangi ya majani makavu. Dakika 8 hadi 10. Tega sikio pia: mchele ukikauka sawasawa, mwiko unapopita utasikia mlio wa changarawe. Simama hapo, usiendelee hadi kahawia.

7. Punguza mafuta. Inamisha sufuria, zuia mchele kwa mwiko, toa mafuta yaliyojikusanya pembeni, yabaki kama vijiko viwili vya chakula. Wengi huruka hatua hii, halafu wanalalamika kuwa wali unateleza.

8. Tia nyanya. Sogea nyuma kidogo, maana itaruka. Geuza na uendelee kukaanga dakika 4 au 5, mpaka usione tena majimaji chini ya sufuria na harufu ya ubichi iwe imekwisha. Mwiko ukipita katikati, njia yake ibaki wazi kwa muda.

9. Tia supu, karoti, njegere na chumvi. Koroga mara moja, vizuri, ukikwangua kona zote. Onja supu sasa hivi: chumvi yake izidi kidogo ile ya supu ambayo ungeinywa kwenye bakuli, kwa sababu mchele utainyonya. Panga pilipili nzima na tawi la kotmiri juu. Ukishatoa mwiko hapa, usiurudishe tena.

10. Chemsha wazi, kisha funika. Acha itokote kwa moto wa wastani dakika 3 hadi 5, mpaka supu ishuke usawa wa mchele na vitundu vianze kuonekana juu. Hapo teremsha moto uwe mdogo kabisa, funika kwa mfuniko unaobana, hesabu dakika 15. Usifunue kuchungulia.

11. Pumzisha. Zima moto, acha sufuria ikiwa imefunikwa dakika 10. Wameksiko jambo likishakuwa na hakika ya kufaulu husema "wali huu umeshaiva". Lakini jikoni, wali uliozimiwa moto bado haujaiva. Mvuke uliobaki ndani unamalizia viini vya punje na kusawazisha unyevu wa juu na wa chini.

12. Chambua. Ondoa pilipili na kotmiri uziweke pembeni. Kwa uma, si mwiko, inua wali kuanzia ukingoni ukiuelekeza katikati. Utaona nyanya imejikusanya tabaka jembamba juu. Ndivyo inavyokuwa, uma utaichanganya.

HADHARI: PILIPILI NZIMA
Pilipili inawekwa nzima ili itoe harufu bila kuwasha. Ikipasuka, sufuria yote imewaka, na watoto hawatakula. Chagua zisizo na mchubuko, usizitoboe, usizikate kikonyo. Anayependa kuwashwa ataichukua yake mezani. Pilipili mbuzi na pilipili kichaa hazifai hapa. Tumia zile ndefu za kijani.

JIKO LAKO NI LA AINA GANI?

Kwenye gesi ambayo moto wake mdogo bado ni mkali, weka bati au kikaango cha chuma chini ya sufuria. Kwenye mkaa, ukifika hatua ya 10 pakua makaa mengi, bakisha machache chini na mengine yaweke juu ya mfuniko, kama unavyopalia wali wa nazi. Kwa kweli wali huu ukipaliwa hutoka vizuri kuliko wa gesi, na sitabishana na mtu juu ya hilo. Mwenye sufuria ya umeme ya wali afanye hatua ya 6 hadi ya 8 kwenye kikaango, kisha ahamishe kila kitu, atie supu na kubonyeza. Ila asitegemee ukoko mzuri.

Kuna jambo la mwinuko ambalo vitabu vingi vya mapishi havilisemi. Jiji la Meksiko liko mita 2,240 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka yakiwa na nyuzijoto 92 au 93 tu, si 100. Mchele unachelewa kuiva na supu nyingi inapotea kwa mvuke. Ndiyo sababu mapishi yaliyoandikwa huko mara nyingi huagiza supu nyingi, na ukiyafuata ukiwa Tanga au Mombasa utapata bokoboko. Vipimo vyangu ni vya Pwani. Ukiwa Nairobi au Mbeya, ambako mwinuko ni mita 1,700 hivi, ongeza robo kikombe cha supu na dakika 3 hadi 5 za kufunika. Njombe ongeza kidogo zaidi.

MAKOSA YA KAWAIDA, NA NAMNA YA KUYATIBU

Wali umekauka lakini punje zina kiini. Nyunyiza robo kikombe cha supu ya moto juu, kwa kutawanya, usikoroge. Funika tena kwa moto mdogo dakika 5. Hili linatibika kabisa.

Juu ni mbichi, chini ni majimaji. Mfuniko unavujisha mvuke. Kunja kitambaa safi, kiweke kati ya sufuria na mfuniko, pindisha ncha zake juu zisiguse moto, upe dakika 5 zaidi. Siku nyingine anza nacho.

Umekuwa bokoboko. Hapa sitakudanganya: haurudi nyuma. Funua haraka, utandaze kwenye sinia pana mvuke utoke, usiuguse mpaka upoe kidogo. Utapungua ulaini, lakini hautachambuka. Ukishapoa uchanganye na yai na jibini au nyama ya kusaga, finyanga vidonge, kaanga. Hakuna atakayejua.

Umeshika chini. Usikwangue. Hamisha ule wa juu mara moja kwenye chombo kingine, na uonje kama harufu ya moshi imepanda. Kama chini ni kahawia tu, umejipatia ukoko, na ukoko wa supu ya kuku na nyanya hugombewa.

Umepauka. Nyanya hazikuiva, au hukuzikaanga vya kutosha. Usitie rangi ya unga wala manjano. Ule ulivyo, kesho urekebishe.

Una ladha ya nyanya mbichi. Hatua ya 8 iliharakishwa. Hauna dawa sasa; ukamulie ndimu mezani.

Una ladha ya Texas. Hili si kosa la jikoni, ni la mapishi uliyoyasoma. Kusini mwa Marekani, karibu na mpaka, hutia bizari nyembamba, ile wengine waiitayo jira, na wali huo una wapenzi wake wengi. Lakini katikati ya Meksiko jikoni nyingi haziitii, na kwa mpishi wa Kiswahili jira ni mtego wa pekee: ukishaitia, pua za wote mezani zitasema pilau.

USALAMA WA WALI ULIOBAKI
Mchele hubeba bakteria aitwaye Bacillus cereus. Mbegu zake hustahimili kuchemshwa, na wali ukikaa kwenye joto la chumba huzaliana na kutoa sumu ambayo kupasha tena hakuiondoi. Kwa hiyo:
• Usiuache sufuriani mezani zaidi ya saa moja au mbili, hasa msimu wa joto.
• Utandaze kwenye sinia upoe upesi, kisha uweke kwenye friji.
• Ule ndani ya siku moja, uupashe mara moja tu, mpaka utoe mvuke kote.
• Kama huna friji, pika kiasi cha kuisha.

UNAKWENDA NA NINI?

Kumbuka nafasi yake. Kwenye sahani, wali huu usizidi kiganja kimoja cha kupinda. Kilichobaki cha sahani kiachie vingine.

Maharage ndiyo jirani yake wa kudumu. Yapike bila nazi: yachemshe yalainike, kaanga kitunguu, tia maharage na maji yake, uyaponde nusu. Kuku wa kuchoma, samaki wa kukaanga aliyekamuliwa ndimu, nyama choma, vyote vinakubaliana nao. Parachichi iliyokatwa na chumvi inakaa vizuri. Kachumbari yetu ya nyanya, kitunguu, pilipili, kotmiri na ndimu ni pacha wa salsa mbichi ya Meksiko, tofauti ni kwamba wao wanakata vipande vidogo zaidi. Na katika jimbo la Veracruz, lililo kando ya bahari, hula wali pamoja na ndizi mbivu za kukaanga. Mtu wa Bukoba au wa Pemba hahitaji kushawishiwa.

Usiuweke pembeni ya mchuzi wa nazi. Nimejaribu. Nyanya na nazi vinapendana ndani ya mchuzi mmoja. Vikitoka sufuria mbili vinakuwa kama wageni wawili wanaozungumza kwa wakati mmoja.

Ukishauzoea mwekundu, ndugu zake ni rahisi. Wali mweupe, arroz blanco, ni njia hii hii bila nyanya: kaanga mchele na kitunguu na saumu vilivyokatwa, usiuache uingie rangi, tia supu na punje za mahindi mabichi. Wali wa kijani, arroz verde, badala ya nyanya unasagiwa pilipili za kijani zilizobabuliwa kwenye moto na kumenywa, pamoja na kotmiri. Hoho ya kijani na pilipili moja ndefu vinafanya kazi hiyo vizuri. Upo pia wali wa majimaji wa vyakula vya baharini huko Veracruz, arroz a la tumbada, lakini huo ni mlo kamili, hautaki kukaa pembeni ya kitu chochote, kwa hiyo nauacha kwa siku nyingine.

KABLA HUJAANZA KUKAANGA, KAGUA

☐ Mchele umekaa kwenye chujio nusu saa na punje zinaachiana
☐ Nyanya zimesagwa bila maji
☐ Supu iko motoni, imeonjwa chumvi
☐ Mfuniko unabana, au kitambaa kiko tayari
☐ Pilipili ni nzima, hazina mchubuko
☐ Kopo la viungo vya pilau limefungwa, liko kabatini

Mara ya kwanza usizidishe vikombe viwili. Mchele mwingi kwenye sufuria moja haukaangiki sawa, na juu unaiva kwa nguvu ya ule wa chini. Ukishapika mara mbili tatu na mkono ukajua mlio wa mchele uliokauka, ongeza hadi vitatu, kwa sababu ya kesho yake. Huko Meksiko wali uliobaki hupashwa kikaangoni, ukawekewa yai la kukaanga juu, kiini chake kikiwa bado laini, na hicho kinakuwa chakula kizima. Mimi kikombe cha tatu nakipika kwa ajili ya yai hilo tu.